Waasisi wa The Impressions

Anayelitaja kundi la muziki la The Impressions leo humtaja kwanza Curtis Mayfield, na anastahili. Lakini kundi hilo hakuliasisi yeye, wala asili yake si Chicago. Mizizi yake iko Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, ambako miaka ya 1950 vijana weusi waliimba doo-wop katika kundi la The Roosters. Miongoni mwao walikuwamo Sam Gooden, Fred Cash na ndugu wawili, Arthur na Richard Brooks.

Mwaka 1957 Gooden na akina Brooks walihamia Chicago, kama walivyofanya Wamarekani weusi wengi waliokimbilia miji ya kaskazini. Cash alibaki nyumbani kwa kuwa bado alikuwa mdogo. Huko Chicago wakampata Jerry Butler, mzaliwa wa Mississippi, naye akamleta Mayfield, rafiki yake waliyeimba pamoja nyimbo za injili katika kanisa la bibi yake Mayfield. Kijana huyo alijifunza gitaa bila mwalimu, akazioanisha nyuzi zake na vibonyezo vyeusi vya piano. Alipokuja kugundua kwamba wenzake hutega nyuzi kwa namna nyingine, hakubadili. Mlio ule laini wa gitaa lake ulianzia hapo.

Mwaka 1958, wakiwa na meneja Eddie Thomas na jina jipya la The Impressions, walirekodi “For Your Precious Love” kwa kampuni ya Vee-Jay. Wimbo huo, uliotungwa na Butler na akina Brooks, ulifika nafasi ya 11 katika chati ya Marekani. Santuri ilipotoka, jina la Butler lilikuwa limetangulizwa peke yake, na wenzake wakawekwa nyuma yake. Kundi lililojengwa juu ya usawa wa sauti likaingia ufa. Butler aliondoka kabla mwaka haujaisha, na Cash akaitwa kuziba pengo.

Kilichofuata kinaonyesha kwamba ufa huo haukuua udugu. Mayfield alimpigia Butler gitaa na kumsaidia kutunga nyimbo, kisha akatumia fedha alizodunduliza kuwakusanya tena wenzake waliokuwa wametawanyika. Mwaka 1961 “Gypsy Woman” ikawarudisha sokoni. Akina Brooks walijitoa mwaka uliofuata, wakabaki watatu: Mayfield mwenye sauti nyembamba ya juu, Cash, na Gooden aliyeshika besi. Walipokezana mistari kama waimbaji wa injili, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Kwa mtindo huo walitoa “It’s All Right” mwaka 1963, “Keep On Pushing” mwaka 1964 na “People Get Ready” mwaka 1965, nyimbo zilizowatia moyo wapigania haki za raia. Hata kundi la The Wailers la Jamaika lilijifunza mengi kutoka kwao.

Mwaka 1991 The Impressions waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Walioheshimiwa walikuwa sita: Butler, Mayfield, Gooden, Cash, Arthur Brooks na Richard Brooks. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Nasi tunaoandika historia ya muziki tuwataje wote sita, kwa maana bila vijana wale wa Chattanooga, Mayfield asingekuwa na kundi la kuliongoza.