Kipepeo wa michungwa

Kipepeo wa michungwa (jina la kisayansi: Papilio demodocus) ni mdudu wa familia Papilionidae katika oda Lepidoptera. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini kwa Sahara, Madagaska na kusini mwa Bara Arabu, zikiwemo Oman na Yemen. Viwavi wake hula majani ya michungwa, milimau, midimu na michenza, miti inayopandwa sana karibu na nyumba vijijini. Kwa hiyo ni mmoja wa vipepeo walio rahisi kufuatiliwa bustanini kuanzia yai hadi mpevu. Kwa sababu hiyohiyo wakulima wenye miche humhesabu kuwa mharibifu.

Maelezo

Mabawa yakitandazwa yana upana wa takriban sm 10 hadi 13. Ni meusi yenye madoa na mabaka ya manjano hafifu, na kwenye mabawa ya nyuma kuna madoa kama macho, yenye rangi nyekundu na buluu. Spishi nyingi za jenasi Papilio zina mkia kwenye kila bawa la nyuma, lakini huyu hana. Dume na jike wanafanana, ila jike huwa mkubwa zaidi kwa kawaida.

Wapevu hunyonya mbochi ya maua, na huendelea kupigapiga mabawa wakati wa kunyonya. Madume huonekana pia kwenye matope wakinyonya maji yenye chumvichumvi.

Mzunguko wa maisha

Kipepeo huyu hupitia mabadiliko kamili, yaani hatua nne: yai, kiwavi, bundo (pupa) na mpevu.

Jike hutaga yai mojamoja, hasa kwenye majani machanga. Yai ni la mviringo, lina rangi ya manjano hafifu na ukubwa wa takriban mm 1. Huanguliwa baada ya siku chache. Penye joto huchukua takriban siku 6 au pungufu.

Kiwavi mchanga ana rangi nyeusi au kahawia yenye mabaka meupe, na hufanana na kinyesi cha ndege. Hivyo ndege humpita bila kumtambua kuwa chakula. Kiwavi hujivua ngozi mara 4. Anapofikia hatua ya mwisho rangi hubadilika kabisa: anakuwa wa kijani, mwenye mistari ya mshazari na alama kama macho nyuma ya kichwa. Huweza kufikia urefu wa takriban sm 4.5. Akiguswa hutokeza nyuma ya kichwa kiungo chenye umbo la pembe mbili na harufu kali, ambacho hufukuza siafu, majimoto na wadudu wengine wawindaji.

Bundo hushikamana na kijiti kwa ncha ya nyuma na kwa uzi wa hariri unaozunguka mwili kama mshipi. Huwa la kijani au la kahawia, kufuatana na mahali lilipo. Mpevu hutoka kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 3, lakini kipindi hicho hurefuka wakati wa baridi.

Kuangalia bustanini

Mayai hutafutwa kwenye machipukizi ya miti midogo. Tawi lenye yai hufungwa uzi, na tarehe huandikwa, ili kila hatua ilinganishwe na iliyotangulia. Kiwavi akifugwa ndani ya chombo kilichofunikwa kwa chandarua, anahitaji majani mabichi yasiyopuliziwa dawa kila siku. Hapaswi kushikwa anapojivua ngozi. Chombo kiwe na kijiti na nafasi ya kutosha, kwani kipepeo anapotoka lazima aning'inie ili mabawa laini yanyooke na kukauka. Asipopata nafasi, mabawa hukauka yakiwa yamekunjamana na hawezi kuruka tena.

Si kila bundo hutoa kipepeo. Pengine hutokea nyigu wadogo wa kidusia waliokua ndani yake, wakiacha vitundu vidogo kwenye ganda.

Uhusiano na kilimo

Mti uliokomaa hupoteza majani machache tu, lakini viwavi wachache wanaweza kumaliza majani ya mche kitaluni. Kwenye bustani ndogo, kuwaokota kwa mkono kunatosha mara nyingi. Anayeokota viwavi wa kijani tu huacha wale wanaofanana na kinyesi, ambao wataendelea kula mche wanapokua. Waliookotwa wanaweza kuhamishiwa kwenye mchungwa mkubwa. Kupulizia sumu huua pia nyuki na nyigu wa kidusia wanaopunguza viwavi.

Stadi za kufuga viwavi zinaweza kuwa chanzo cha mapato pia. Tangu mwaka 1993, wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, katika pwani ya Kenya, wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabundo kupitia Mradi wa Kipepeo huko Gede.