Saini ya Hukwe Zawose kwenye kabati la mjomba

Mjomba wangu anaishi Chang'ombe, hapa Dodoma. Kwenye kabati lake la vyombo, juu kabisa, kuna sidii moja ambayo wajukuu hawaruhusiwi kuigusa. Ni Chibite ya Hukwe Zawose. Ukifungua kijitabu cha ndani unakuta maandishi ya kalamu ya bluu: jina la mjomba, jina la Zawose, Bagamoyo, 1988.

Mwaka jana binamu yangu alipata mnunuzi Ulaya, mkusanyaji wa vitu vya wanamuziki. Bila saini hiyo ni sidii kuukuu tu. Yenye saini, bei yake ingelipa ada ya chuo ya mtoto wake kwa muhula mzima. Mnunuzi alitaka jambo moja: mtu aandike barua kwamba saini ni halisi. Mimi ndiye "mtu wa vitabu" wa ukoo, basi kazi ikaniangukia.

Kwa wasiomjua Zawose: alikuwa Mgogo wa Dodoma, fundi wa zeze na ilimba, mwenye sauti iliyopanda na kushuka kuliko unavyotarajia koo moja liweze. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 2002 alisafiri na Peter Gabriel kwenye ziara yake ya Marekani. Alifariki Desemba 2003. Mtu wa namna hiyo akiandika jina lake kwenye karatasi, karatasi inabadilika thamani. Na hapo ndipo waghushi huingilia.

Nilianza na mwandiko, kama wengi wanavyoanza. Anayeghushi saini kwa kawaida anaichora, haiandiki. Mkono unakwenda polepole, wino unajikusanya pale kalamu iliposimama kufikiri, mstari unatetemeka, mwisho wa herufi unakuwa butu. Na saini mbili zikifanana kabisa, nukta kwa nukta, ogopa zaidi, maana hakuna binadamu anayesaini sawasawa mara mbili. Marekani, kwenye kesi ya wosia wa Howland mwaka 1868, mwanahisabati Benjamin Peirce alitoa ushahidi kwamba saini iliyobishaniwa ilifanana mno na nyingine kiasi cha kutoaminika. Kufanana kupita kiasi ndiko kulikoitia shaka.

Nikachukua lenzi. Maandishi ya mjomba yalikuwa safi. Mstari unakimbia, herufi zinaungana bila kusita, hakuna mtetemo. Binamu akatabasamu. "Umeona? Andika barua."

Lakini mwandiko usiosita hauthibitishi mwenyewe ni nani. Miaka ya 1960, The Beatles walipozidiwa na mashabiki, wasaidizi wao wa safarini, Neil Aspinall na Mal Evans, waliwasainia watu kwa niaba yao. Walioondoka na karatasi zile walizitoa mikononi mwa watu wa bendi kabisa, na bado saini hazikuwa za bendi. Ndiyo maana unahitaji saini nyingine ya kulinganisha, ambayo haina ubishi: mkataba, barua, orodha ya mishahara. Mimi sikuwa nayo. Nyimbo za wanamuziki wetu tunazo kichwani, lakini karatasi zao, nani kazitunza?

Basi nikageuza sidii upande wa nyuma nitafute kitu kingine cha kushika. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchwa, umechapwa mwaka wa toleo: 1996.

Nilirudia kusoma mara tatu. Sidii ya 1996, saini ya 1988. Hakuna anayesaini kitu miaka minane kabla hakijatengenezwa. Lenzi yote ile, na jibu lilikuwa limechapwa nyuma ya kasha.

Binamu alinyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mnunuzi hataona." Pengine kweli asingeona. Lakini barua ingekuwa na jina langu, na saini yangu chini yake.

Jioni nikaenda kwa mjomba. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilizunguka kwanza na habari za mvua na zabibu, kisha nikamuuliza taratibu: mjomba, saini hii aliandika nani?

"Mimi," akasema, bila kushtuka hata kidogo.

Mwaka 1988 alikwenda Bagamoyo kwenye semina ya kazi. Jioni akamsikia Zawose akipiga ilimba, wakasalimiana kwa Kigogo, "mbukwa" kwa "mbukwa", wakaongea habari za nyumbani. Hakuwa na karatasi wala hakufikiria saini. Miaka mingi baadaye rafiki akamletea sidii kutoka Uingereza, naye akaandika ndani yake nani alikutana na nani, wapi, na lini, asije akasahau. "Kwani mlidhani ni yeye?"

Ndiyo maana mstari haukutetemeka. Mjomba hakuwa anamuiga mtu yeyote. Vipimo vya mwandiko vinamnasa anayejifanya mwingine. Aliyeandika kumbukumbu yake kwa mkono wake mwenyewe vinampitisha. Uongo ulianza kwetu sisi tuliosoma kumbukumbu tukaiita saini, na nusura tuuze. Na katika wiki mbili za lenzi na wino, hakuna aliyemuuliza mwenye sidii, ambaye yuko hai na anakaa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu.

Barua sikuandika. Ada tuliichangia ukoo mzima, na deni bado lipo. Nimeongeza kikaratasi kimoja ndani ya kasha, kwa ruhusa ya mjomba, kinachosema aliyeandika ni nani na kwa nini. Nimekisaini, nikaweka na tarehe ya siku ile ile.