Ukungu Ndani ya Fuvu

Picha ya kwanza ya kichwa niliyopiga bila kusimamiwa ilitoka kijivu kitupu. Ilikuwa 1979. Mgonjwa alikuwa mvuvi aliyeangukiwa na mlingoti wa mtumbwi, na ndugu zake wanne walikaa nje wakisubiri niwaambie kama atapona, kana kwamba mimi ndiye niliyekiumba kile kichwa. Nikaitoa filamu kwenye dawa, nikaiosha, nikaitundika mbele ya taa. Fuvu lilikuwepo, ila lilionekana kama mtu aliyelala ndani ya chandarua. Mzee aliyekuwa mkuu wa chumba chetu cha picha akachungulia juu ya bega langu.

“Kijana, kaseti uliiweka kwenye baki?”

Sikuwa nimeiweka. Kwa haraka zangu niliilaza juu ya meza, chini kabisa ya kichwa cha yule mvuvi.

Baki ni jina la mtu. Gustav Bucky, daktari wa Berlin, alibuni mwaka 1913 wavu wa vipande vyembamba vya risasi wa kuweka kati ya mgonjwa na filamu. Baadaye Hollis Potter wa Chicago akaongeza ujanja wake: wavu usogee wakati picha inapigwa, ili mistari ya risasi isijichore kwenye filamu. Sisi tulisema baki tu, na neno likatukaa vizuri mdomoni kwa sababu Kiswahili kilikuwa nalo tayari. Mionzi hutoka kwenye mrija ikiwa imenyooka. Ikifika kwenye maji na nyama ya mwili, sehemu yake hugonga elektroni na kupinda njia. Arthur Compton alilieleza jambo hilo mwaka 1923, akapata Tuzo ya Nobel 1927. Mionzi iliyopinda haijui tena ilikotoka, lakini hufika kwenye filamu vilevile na kuipaka kijivu. Kwenye kichwa cha mtu mzima inaweza kuizidi ile iliyonyooka. Baki huipitisha iliyonyooka na kuimeza iliyokuja mshazari. Kinachobaki ndiyo picha.

Mzee hakunieleza hivyo. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kigongo, pale pale kivukoni.

“Basi umeona karabai kwenye ukungu.”

Nilikuwa nimeziona tangu nipate akili. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa hutapakaa ziwani na taa zao, na kutoka kwetu ungedhani mji mwingine umeota juu ya maji. Kukikaribia kucha, ukungu ukishuka, karabai iliyokuwa nukta huvimba ikawa donge la weupe, na hujui tena mtumbwi uko hatua mia au nusu ya safari ya kwenda Busisi, ng'ambo ya pili. Taa haijapungua nguvu. Mwanga wake umegongana na matone mengi mno. Baada ya kuambiwa hivyo sikusahau baki tena, na yule mvuvi nilimpiga picha ya pili iliyoonyesha ufa wa mfupa juu ya sikio.

Ufa wa mfupa. Hilo ndilo tulilokuwa tunaweza. Vijana wanaofanya kazi hii sasa, ambao hawajawahi kuingia chumba cha giza, huniuliza zamani ubongo tuliuonaje. Huwajibu kwamba hatukuuona. Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na mwaka 1898 tayari daktari wa jeshi la Waingereza, John Battersby, alikuwa na mashine Sudan, kando ya Nile, mto unaotoka kwenye ziwa letu. Umeme wake aliupata kwa baiskeli ya watu wawili: wanakanyaga, daktari anapiga picha. Waliona risasi, waliona mifupa. Lakini ubongo karibu wote ni maji na mafuta, umefungiwa ndani ya gamba la mfupa, na tofauti kati ya ubongo mzima na damu iliyoganda kando yake ni ndogo kiasi kwamba ukungu kidogo tu unatosha kuifuta.

Kwa hiyo tulifundishwa kutafuta punje ya chokaa. Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo, pinea, ambayo kwa baadhi ya watu wazima hujenga chokaa ikaonekana kwenye eksirei. Ikiwa imesogea zaidi ya milimita 3 hivi kutoka mstari wa kati, ujue kuna kitu kinausukuma ubongo. Niliitafuta punje hiyo kwa rula kwenye vichwa vya watu wa Misungwi, Sengerema na Geita, mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi sikuipata. Nililaumu macho yangu, nikalaumu dawa ya kuoshea filamu, nikailaumu hata baki. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba mwaka 1974 Adelola Adeloye, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Nigeria, na Benjamin Felson wa Marekani walikuwa wamehesabu na kukuta kuwa chokaa hiyo huonekana kwa Wamarekani weusi mara chache kuliko kwa weupe. Alama niliyokuwa naihangaikia ilikuwa imezoeleka kwenye vichwa vya watu wengine. Habari ilikuwa imeandikwa miaka mitano kabla sijaharibu filamu yangu ya kwanza, ila haikuvuka maji.

Njia nyingine zilihitaji moyo mgumu. Mwaka 1918 Walter Dandy wa Baltimore alitoboa fuvu, akavuta maji ya ubongo na kuingiza hewa mahali pake, kwa sababu hewa haipindi mionzi kama maji yanavyofanya na kwenye filamu hutoka nyeusi. Mwaka uliofuata akaiingiza hewa kupitia uti wa mgongo. Wagonjwa walitapika na kuumwa kichwa vibaya sana. Egas Moniz wa Lisbon mwaka 1927 alijaza dawa kwenye mishipa ya shingo ili mishipa ya kichwa ijichore. Zote mbili zilikuwa njia za kuzunguka: unaona nafasi na mishipa iliyo ndani na kando ya ubongo, kisha unakisia ubongo wenyewe umekaaje.

Aliyeukabili ukungu wenyewe alianzia Afrika, na hili napenda kulirudia kwa vijana hadi wananichoka. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg na kufundisha fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilibaki bila mwanafizikia, na sheria haikuruhusu vitu vya mionzi vitumike bila mtu wa namna hiyo, basi akaombwa aende siku moja na nusu kwa wiki. Akawaona wataalamu wakipanga tiba ya mionzi kana kwamba mwili wa mtu ni kitu cha aina moja kote. Akajiuliza: nikipitisha mwali mwembamba kutoka pande nyingi na kupima kinachotoka upande wa pili, siwezi kwa hesabu kujua ndani kuna nini? Mwali mwembamba hugusa sehemu ndogo, kwa hiyo kinachotawanyika ni kidogo, na kipimo kilichobanwa upande wa pili hukikataa. Alijaribu kwa duara la alumini lililozungukwa na mbao. Akachapisha 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Mwenyewe alisimulia kuwa miongoni mwa wachache walioomba nakala kulikuwa na kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji.

Godfrey Hounsfield, aliyekuwa mhandisi wa EMI, kampuni iliyouza pia santuri za Beatles, alifika hapo hapo kwa njia yake bila kumjua Cormack. Tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley, London, kichwa cha mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kiliingizwa kwenye mashine yake, na uvimbe ukaonekana ulipolala. Picha yenyewe ilikuwa vimraba 80 kwa 80. Simu ya mjukuu wangu ingeitemea mate. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel 1979, mwaka ule ule ambao mimi nilikuwa natafuta ubongo kwa rula.

Mwaka 1971 ndio pia Bugando ilifunguliwa juu ya kilima chake Mwanza, hospitali iliyojengwa na Kanisa Katoliki. Mashine ya namna ile ya Hounsfield, yaani CT-Scan, ilipokuja kupatikana mjini, tatizo letu sisi wa mwambao huu liligeuka. Sasa palikuwa na mahali pa kuona damu iliyoganda ndani ya kichwa, ila kati ya mahali hapo na mtu wa Sengerema au Geita aliyeanguka na pikipiki palikuwa na pantoni. Maji yakiwa matulivu, kuvuka kutoka Busisi hadi Kigongo kulichukua kama nusu saa, bila kuhesabu foleni. Gari la wagonjwa halikupanga foleni, na hilo halikusaidia kitu pantoni ikiwa ng'ambo. Kuna siku magugu maji yaliziba gati, na nilimwona muuguzi amesimama kwenye mteremko wa gati na chupa ya dripu mkononi, anaangalia ule ujani kama mtu anayeangalia shamba la jirani. Damu inayojaa chini ya fuvu humaliza mtu kwa saa chache, pengine chini ya hapo. Daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, urefu wake kilomita 3 na ushei. Watu husifu nguzo zake. Mimi huhesabu dakika.

Nisisahau kwamba mionzi iliyopinda ilikuwa na uadui mwingine. Ile iliyonyooka unaweza kuikwepa, simama tu kando yake. Iliyopinda hutoka kwenye mwili wa mgonjwa pande zote, ikiwemo upande wako uliyesimama na aproni ya risasi. Ndiyo maana tulivaa beji kifuani, zikapelekwa Arusha kupimwa na Tume ya Taifa ya Mionzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1983. Kila bahasha ya majibu ilipofika tuliifungua kama matokeo ya mtihani.

Kwa miaka yote hiyo, basi, ukiniuliza uchafu wa kazi yangu ni nini, ningekujibu neno moja: ukungu. Kitu kimoja tu kilinitia shaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sista mmoja alinijia na mama aliyebeba mtoto wa miezi minne mwenye kichwa kikubwa. Hakutaka filamu. Alitaka chumba changu cha giza. Tukafunga mlango, tukasubiri macho yazoee, akakibana kichwa cha mtoto kwa tochi, mdomo wa tochi umegusana na ngozi. Kichwa chote kikawaka chekundu, kama papai lenye mshumaa ndani.

“Daktari, ndiyo akili yake hiyo?” mama akauliza.

“Hapana, mama. Ni maji.”

Njia hiyo ni ya kale. Richard Bright wa London aliandika mwaka 1831 juu ya mtu ambaye mshumaa ukishikwa nyuma ya kichwa chake, mwanga wake ulionekana kwa mbele. Mwanga wa tochi yetu haukuvuka ukiwa umenyooka hata kidogo. Uligongana na maji na ngozi mara nyingi, ukatapakaa, na kule kutapakaa ndiko kulikotuambia ubongo umebanwa ukawa mwembamba kama ganda. Siku hizo wa kumwekea mtoto huyo mrija wa kutoa maji alikuwa mbali nasi sana. Miaka ya 2000, huko Mbale, Uganda, Benjamin Warf aliwafanyia watoto wa namna hiyo upasuaji usiohitaji mrija. Yule wa kwangu alikuja mapema mno.

Kumbe mwanga uliotapakaa unaweza kueleza zaidi ya hayo. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kwamba mwanga ulio ng'ambo kidogo ya wekundu tunaouona hupenya fuvu, huzurura ndani ya ubongo, na ule mdogo unaorudi hueleza damu ya pale ina oksijeni kiasi gani. Watafiti wa Uingereza walikipeleka chombo cha namna hiyo kijiji cha Keneba, Gambia: kofia laini yenye vitaa, mtoto amepakatwa na mama yake, hakuna aproni, hakuna beji, na kinachopimwa ni kile kilichopinda. Haionyeshi ndani sana, hufika sentimita chache tu, na haitachukua nafasi ya CT-Scan kwa mtu aliyeanguka na pikipiki. Lakini nilipoisoma habari hiyo niliinuka nikatafuta tochi, nikaibana kiganjani kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, nikakaa gizani nikiangalia damu yangu.

Mwezi uliopita mjukuu alinivusha darajani alfajiri. Chini yetu taa za dagaa, ambazo siku hizi nyingi ni za sola, zilikuwa zimevimba ndani ya ukungu, madonge ya weupe hadi macho yanapoishia. Nikamwomba asimame kidogo.

“Babu, hapa hairuhusiwi kusimama,” akasema, akakanyaga mafuta.