Nakala ya Amri

Macho hayatulii. Yanaruka kama mara tatu kwa sekunde, kutoka kitu hadi kitu, na mwenyewe huna habari. Uko kwenye feri ya Likoni, umeweka mkoba miguuni, umeutupia jicho, kisha ukatazama ng'ambo. Picha yote iliyo nyuma ya jicho imeshahama. Lakini ukiinama bila kuangalia, mkono unaukuta mkoba palepale. Nani kauambia?

Hermann von Helmholtz, Mjerumani, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya kuona kilichokamilika 1867. Hoja yake unaweza kuipima sasa hivi bila kifaa. Funga jicho moja. Lile jingine lisukume kwa kidole taratibu, juu ya kope, kwa pembeni. Dunia inayumba, sivyo? Sasa ligeuze bila kidole. Dunia tuli. Picha imehama mara zote mbili, ila mara ya pili amri imetoka kwako, na Helmholtz akasema ubongo huitumia habari ya amri yake wenyewe.

Mwaka 1950 Erich von Holst na Horst Mittelstaedt wakaeleza kwamba ubongo ukituma amri kwenye misuli hubaki na nakala. Mwaka huohuo Roger Sperry, kule Marekani, alifika hapohapo baada ya kupindua jicho la samaki: samaki akawa anazunguka tu. Sisi tuliokulia karibu na bandari hatuhitaji maelezo mengi. Kontena likitoka Kilindini, karatasi hubaki ofisini. Bila karatasi, huo mzigo utautafutia wapi?

Na kumbukumbu je? Mwaka 1976 Hallett na Lightstone waliwaka watu gizani, wakawamulikia taa iliyowaka na kuzimika wakati jicho lingali safarini. Jicho likaruka hadi pale taa ilipokuwa, ingawa haipo tena. Kama ubongo ungetegemea picha peke yake, lingepotea.

Nimeifuatilia habari hii kwa sababu ya mjomba wangu, wa Mtongwe. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo. Kikombe anakiona, hata rangi anakutajia, ila akitazama kando kidogo halafu akanyoosha mkono, anashika hewa. Nyumbani maneno yakawa mengi. Huyu anasema anadeka, yule anasema ni jicho la mtu, na mganga keshatafutwa. Mzee mwenyewe akaanza kukataa kula mbele za watu. Hilo ndilo lililoniuma, manake alikuwa mtu wa baraza na kahawa.

Madaktari walishawaona watu wenye shida za namna hiyo. Rezső Bálint alimweleza mmoja huko Budapest mwaka 1909, na Gordon Holmes aliwaandika mwaka 1918 askari waliopigwa risasi kichwani: wanaona, ila hawajui kitu kiko wapi. Wakati huo hakuna aliyejua ni nini hasa kilichokatika.

Mwaka 1992 Duhamel, Colby na Goldberg walisikiliza seli za neva za kima, kwenye sehemu ya ubongo iliyo chini ya utosi kwa nyuma. Seli zilianza kuitikia mahali ambapo zingepaona baada ya jicho kuruka, na jicho lenyewe bado halijaondoka! Mwaka uohuo Duhamel na wenzake wengine wakaripoti mgonjwa aliyeumia upande wa kulia, ambaye macho yake yalikosea pale mruko wa pili ulipotegemea hesabu ya ule wa kwanza. Kisha 2002 Sommer na Wurtz wakaziba kwa dawa njia inayopitisha nakala ya amri ndani ya ubongo wa kima. Mruko wa kwanza sawa. Wa pili ukaenda kombo.

Kiharusi huharibu mengi kwa mpigo, na mimi si daktari, chuo chenyewe niliacha. Lakini niliwasomea haya jamaa zangu kibarazani, kwa Kiswahili changu hiki, hadi neno la kudeka likakoma. La mganga halijakoma, bado kuna shangazi mmoja.

Siku hizi mkewe akileta kahawa hugonga meza mara mbili kando ya kikombe. Mzee hugeuza uso, hukikazia macho, na mkono unafuata.