Mlezi Husimama Pamoja na Anayemlea: Mama Kasea na Anuarite

Kila tarehe 1 Desemba, tunapomkumbuka Mwenyeheri Maria Klementina Anuarite Nengapeta, tumezoea kumwona akiwa peke yake mbele ya silaha. Lakini historia yatueleza zaidi ya hayo. Binti huyo alikuwa amelelewa, na aliyekuwa mkubwa wake alikuwa naye saa ya hatari.

Anuarite alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, mwaka 1939. Baba yake alimwacha mama yake kwa kuwa alimzalia mabinti tu. Hivyo mtoto huyo alifahamu mapema jinsi mwanamke awezavyo kuhesabiwa kuwa si kitu. Alipotamani utawa, mama yake hakukubali. Ndipo siku moja alipopanda kwa siri lori la misioni lililowapeleka wasichana Bafwabaka, kwa masista wa Jamaa Takatifu. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, nao wazazi wake walifika wakatoa mbuzi wawili.

Huko Bafwabaka malezi hayakuwa ya sala peke yake. Alipewa kazi na kuaminiwa: alifundisha shule ya msingi, akatunza sakristia, akasaidia jikoni. Tukumbuke zama zenyewe: Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata mwaka 1964. Nyumba ambamo msichana wa kijijini aliweza kuwa mwalimu, tena chini ya uongozi wa mwanamke Mkongomani, haikuwa jambo dogo.

Mwaka huohuo wa 1964 ndio uliokuwa wa uasi wa Simba, ambao wazee wetu wa Maniema wanaukumbuka vizuri. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika lori, wakawapeleka hadi Isiro. Huko mkubwa mmoja wa jeshi alimtaka Anuarite awe mke wake. Mama Léontine Kasea, mkubwa wa masista, alikataa kumtoa. Hakuwa na bunduki, wala hakuwa na mtu wa kumtetea yeye mwenyewe. Alikuwa na neno lake tu. Usiku, Kanali Olombe alipojaribu kumchukua kwa nguvu, Anuarite naye alikataa. Alipigwa, akachomwa, kisha akapigwa risasi. Sista Bokuma aliyekuwa pamoja naye alivunjwa mkono. Anuarite alikufa akiwa amemsamehe aliyemuua. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Kukataa kwa Mama Kasea hakukuokoa uhai wa Anuarite. Je, kulikuwa bure? La. Kabla msichana hajasema hapana yake mwenyewe, alikuwa amemsikia mlezi wake akiisema kwa sauti mbele ya watu wenye silaha. Hayo ndiyo malezi yaliyo kamili: mlezi humfundisha msichana kazi, humkabidhi daraka, na siku anapotakiwa kama mali, husimama upande wake.

Kwetu Kabambare, msichana anaweza kuacha masomo kwa ajili ya ndoa ya mapema, au kwa kufuata riziki kwenye machimbo ya dhahabu. Kumhubiria tu hakutoshi. Mwalimu, muuguzi, mkunga na fundi wa kushona, kila mmoja anaweza kumchukua msichana mmoja, akamwonyesha kazi, akamuuliza habari za masomo, akaenda kuzungumza na wazazi wake mahari inapotajwa kabla ya wakati. Nanyi vijana wa kiume, msiseme kwamba hilo ni shauri la akina mama. Dada zenu wanatazama mtasimama upande gani.

Watoto wetu wa Kizito-Anuarite wanalibeba jina lake. Basi katika mkutano wenu ujao, kila kikundi kijiulize: katika parokia yetu, ni msichana gani asiye na mtu wa kusimama naye, na nani kati yetu atakwenda kwake juma hili?