Viputo vya Dunia: Shampeni, Ndugu Zake na Kasiksi ya Kivu

Goma ni mji unaoishi na gesi. Kaskazini, volkano ya Nyiragongo inafuka usiku na mchana. Kusini kuna Ziwa Kivu, lenye kina cha mita 485, ambalo vilindi vyake vimehifadhi takriban kilometa za ujazo 300 za gesi ya kaboni na nyingine kama 60 za methani. Uzito wa maji ya juu unaibana gesi hiyo isitoke, kama soda ndani ya chupa ambayo haijafunguliwa. Kuelekea mji wa Sake kuna mabonde ya mazuku, ambako gesi ya kaboni hutuama chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa, ikaua mifugo na hata watu.

Gesi hiyohiyo ndiyo inayorusha kizibo cha shampeni siku ya arusi, na ndiyo inayoifanya kasiksi, pombe ya ndizi ya Masisi na kisiwa cha Idjwi, ichemke ndani ya dumu. Mungu hakuwanyima watu viputo popote palipo na sukari na chachu. Imekuwaje basi, kati ya vinywaji vyote vyenye povu duniani, kimoja tu kutoka kipande kidogo cha Ufaransa kikawa kipimo cha vingine vyote? Historia inajibu kwamba heshima ile ilijengwa kwa kazi, subira na sheria. Watu wa Kivu wanapaswa kuijua historia hiyo, maana inagusa mali yao wenyewe.

Baridi, kioo na mjane

Champagne ni nchi ya mizabibu iliyo karibu na mpaka wa kaskazini wa kilimo hicho, kandokando ya miji ya Reims na Épernay. Zamani baridi ya huko ilikuwa ikisimamisha uchachu kabla sukari haijaisha. Joto la masika liliporudi, chachu iliamka, na divai iliyokwisha kufungwa ikaanza kutoa gesi. Kwa watengenezaji huo ulikuwa msiba. Dom Pierre Pérignon, mtawa aliyesimamia ghala la divai la abasia ya Hautvillers tangu 1668 hadi kifo chake mwaka 1715, anasimuliwa kuwa ndiye aliyevumbua viputo. Kwa kweli alihangaika kuvizuia. Sifa yake halisi ni ustadi wa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali, na ustadi huo ndio uliobaki kuwa moyo wa shampeni.

Wengine walimtangulia kwenye viputo. Watawa wa Saint-Hilaire, karibu na Limoux kusini mwa Ufaransa, wanahusishwa na divai yenye povu tangu 1531. Mwaka 1662 Mwingereza Christopher Merret aliwasilisha mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London maelezo kwamba wafanyabiashara walikuwa wakitia sukari ndani ya divai ili itoe povu. Waingereza waliweza kufanya hivyo kwa kuwa tanuri zao zilichoma makaa ya mawe, na kioo chao kilikuwa kigumu kuliko cha Wafaransa kilichoyeyushwa kwa kuni. Pasipo chupa imara viputo havina makao, maana msukumo ndani ya chupa ya shampeni hufika mara sita ya ule wa hewa tunayoivuta. Kwa muda mrefu chupa zilipasuka kwa wingi ghalani, na wafanyakazi wakavaa vinyago vya chuma kujikinga.

Mwaka 1728 mfalme Louis XV aliruhusu divai ya Champagne isafirishwe ndani ya chupa badala ya mapipa. Mwaka uliofuata ikaanzishwa nyumba ya Ruinart, na mwaka 1743 ile ya Moët. Mwaka 1805 Barbe-Nicole Ponsardin, mjane wa Clicquot, akiwa na umri wa miaka 27, alirithi biashara ya mumewe na kuikuza mpaka Urusi. Katika ghala lake ndipo ilipoanza mbinu ya kuweka chupa kichwa chini na kuzizungusha kidogo kidogo, ili masimbi ya chachu yateremke hadi kwenye kizibo na kuondolewa. Mwaka 1844 Adolphe Jacquesson akaongeza kifuniko cha bati na waya wa kushikilia kizibo. Chupa tunayoifungua leo ni kazi ya vizazi vya watu wengi, wala haikushuka kutoka mkono wa mtawa mmoja.

Ndugu wa nchi nyingine

Ujuzi haufungiwi ghalani. Georg Christian Kessler, Mjerumani aliyefanya kazi katika nyumba ya mjane Clicquot, alirudi kwao na mwaka 1826 akaanzisha kiwanda huko Esslingen; ndiyo mizizi ya Sekt, divai yenye povu ya Ujerumani. Mwaka 1872 Josep Raventós wa nyumba ya Codorníu alitengeneza divai ya namna hiyo Catalonia, Uhispania, nayo leo inaitwa Cava. Hakutumia zabibu za Champagne, yaani Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Zabibu za Kihispania ziliizoea nchi yenye jua, na divai yake ikatoka na harufu ya tufaha na udongo mkavu.

Waitaliano walishika njia nyingine. Mwaka 1895 Federico Martinotti alibuni namna ya kuchachua divai mara ya pili ndani ya tangi kubwa lililofungwa, na Mfaransa Eugène Charmat akaikamilisha mwanzoni mwa karne ya 20. Divai nyingi za Kiitaliano ziitwazo Prosecco hutengenezwa hivyo kwa zabibu ya Glera. Divai hukaa na chachu muda mfupi, nayo huhifadhi harufu ya maua na matunda mabichi. Shampeni, kwa sheria, haitoki ghalani kabla ya miezi 15, na ile ya mavuno ya mwaka mmoja husubiri miaka mitatu. Katika muda huo chachu iliyokufa huvunjika taratibu na kuipa divai ladha ya mkate uliookwa na karanga. Mtu anayesema Prosecco ni shampeni ya maskini hajaielewa hata moja kati ya hizo mbili: moja imekusudiwa kunywewa ingali changa, nyingine inatunzwa ikomae.

Afrika nayo ina nafasi yake. Mwaka 1971, huko Stellenbosch, Frans Malan wa shamba la Simonsig alitoa Kaapse Vonkel, divai ya kwanza ya Afrika Kusini iliyochachuka mara ya pili ndani ya chupa kwa mbinu ya Champagne. Mwaka 1992 watengenezaji wenzake waliungana katika chama na kuipa aina hiyo jina lao, Cap Classique. Jua la eneo la Rasi, iliko Stellenbosch, huivisha zabibu zaidi, kwa hiyo divai ina utamu wa matunda unaotangulia ukali. Mnywaji makini ataitambua, naye hatakuwa na sababu ya kuidharau.

Vita vya jina

Kadiri ndugu walivyoongezeka, ndivyo wenye jina walivyolilinda. Mkataba wa Madrid wa 1891 uliweka msingi wa kuzuia alama za uongo kuhusu asili ya bidhaa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliilazimisha Ujerumani kuheshimu majina ya mahali kwenye vinywaji. Hata Champagne kwenyewe hakukuwa na amani. Mwaka 1911 wakulima waliharibu maghala na kuchoma nyumba za wafanyabiashara, wakiwashutumu kuleta zabibu za mbali na kuziuza kwa jina la kwao. Kutokana na hasira ile mipaka ilichorwa upya, sheria ya 1927 ikaithibitisha, na mwaka 1936 shampeni ikapata rasmi hadhi ya jina la asili. Leo eneo hilo ni hekta zipatazo 34,000 tu.

Baada ya hapo jina lilipiganiwa mahakamani. Mwaka 1960 nyumba za Champagne zilishinda kesi London dhidi ya divai iliyouzwa kama shampeni ya Uhispania. Lakini ushindi haukuwa kila mahali: mwaka 2021 Urusi ilipitisha sheria inayowapa watengenezaji wake peke yao haki ya kuandika neno hilo kwa Kirusi kwenye chupa. Jina lisilolindwa na wenyewe huchukuliwa na mwingine.

Viputo vinafika Kivu

Kongo iliingia katika historia hii kwa mlango wa ubaguzi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa pombe kali Afrika ya kati, na utawala wa Kibelgiji ukaendeleza vizuizi vilivyomnyima Mwafrika divai mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Aliyoruhusiwa ni bia. Kampuni iliyokuja kuitwa Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na mwaka 1926 ikatoa Primus. Mwaka 1957 kilizaliwa kiwanda cha bia cha Bralirwa huko Gisenyi, mji wa upande wa Rwanda unaogusana na Goma. Tangu 1963 mitambo ya kuchemshia ya kiwanda hicho ilitumia methani iliyovutwa kutoka Ziwa Kivu.

Chini ya Mobutu, aliyetawala kutoka 1965 hadi 1997, shampeni ilikuwa kinywaji cha ikulu. Inajulikana sana kwamba alipendelea Laurent-Perrier ya waridi, iliyofika kwa ndege mpaka mji wake wa Gbadolite wakati walimu na askari wakikosa mishahara. Hivyo katika kumbukumbu ya Wakongo wengi chupa ile ilibeba maana ya mamlaka kuliko ladha. Ni haki kuiondolea mzigo huo na kuitazama kama ilivyo: zao la wakulima.

Kasiksi mbele ya shampeni

Sasa tuiweke kasiksi mezani bila haya. Ndizi za pombe huvundikwa siku kadhaa shimoni au juu ya jiko mpaka zilainike. Humenywa, zikakandwa pamoja na majani makavu yanayoshika nyama ya ndizi na kuachia maji yake matamu. Maji hayo huchujwa, yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa ndani ya mtumbwi wa mti kwa majani ya mgomba. Kwa siku moja mpaka tatu chachu iliyomo ndani ya mtama na chomboni hufanya kazi. Rwanda hiyo ni urwagwa, Ankole ni tonto, kwa Wahaya ni rubisi. Wachaga nao wana mbege yao ya ndizi na ulezi.

Kwa sayansi, kasiksi na shampeni zimetoka tumbo moja: sukari ya tunda, chachu, pombe na gesi ya kaboni. Tofauti ni muda. Kasiksi hunywewa ikiwa hai, uchachu ukiendelea, na baada ya siku chache hugeuka siki. Anayeibeba kwa mtumbwi kutoka Idjwi hulegeza kizibo cha dumu ili gesi ipumue. Tatizo hilo ndilo lililowapasulia watu wa Champagne chupa zao, nao walilitatua kwa kioo, kipimo cha sukari na subira. Huko Arusha, Banana Investments, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1993, imeonyesha kwamba kinywaji cha ndizi kinaweza kutulizwa, kufungwa chupani na kusafiri.

Mashamba pia yana historia zinazofanana. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu filoksera aliingia Champagne akala mizizi ya mizabibu, mpaka wakulima wakaipandikiza juu ya mashina ya Marekani. Kwetu, mwaka 2001, mnyauko wa bakteria wa migomba ulitambuliwa Masisi, na aina nyingi za ndizi za pombe zikapata pigo kubwa kwa sababu wadudu hubeba bakteria kwenye maua yake. Kinga inajulikana: kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kuunguza panga kwa moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kung'oa shina linalougua. Bila migomba hakuna kasiksi ya kulinganisha na chochote.

Kazi iliyo mbele

Kinachokosekana Kivu ni maandishi na muungano. Sheria ya Kongo ya 1982 kuhusu mali ya viwanda inatambua majina ya asili ya bidhaa. Huko Kamerun, wakulima wa pilipili ya Penja walipata ulinzi wa jina lao mwaka 2013, na pilipili hiyo ikapanda hadhi na bei. Watengenezaji wa kasiksi wa Masisi, Kalehe na Idjwi wanaweza kufuata njia hiyo: waungane, waandike aina ya ndizi, kiasi cha mtama na siku za kuchachua, wakubaliane juu ya usafi, kisha wadai jina. Vyuo vya kilimo vya Goma na Butembo vipime chachu yake. Vita vimevuruga barabara na masoko, lakini ujuzi ungali mikononi mwa mama na baba wanaokanda ndizi leo. Ukiandikwa wakiwa hai, hautategemea barabara.

Champagne ilihitaji takriban miaka 270 kutoka maelezo ya Merret hadi sheria ya 1936. Sisi hatuanzi gizani kama wao, kwa kuwa makosa yao na majibu yao yako wazi mbele yetu. Divai ya Reims, ya Catalonia na ya Stellenbosch zistahili kunywewa kila moja kwa heshima ya mahali pake, na kasiksi ya Kivu idai heshima iyo hiyo kwa mujibu wa sheria.