Mnadhimu au Kiranja?

Katika mabunge yaliyorithi desturi za Westminster, kila chama humteua mbunge wa kuhakikisha wenzake wanafika ukumbini siku ya kura na kuipiga kura hiyo chama kinavyotaka. Tanzania anaitwa mnadhimu. Tundu Lissu alikuwa na cheo hicho upande wa upinzani. Kwenye magazeti ya Kenya ni kiranja: kiranja wa wengi, kiranja wa wachache. Waingereza wenyewe humwita mjeledi (whip), jina lililotoka kwenye uwindaji wa mbweha, ambako msaidizi wa mwindaji alizuia mbwa wasitawanyike. Wabunge ndio mbwa, na sijasikia kwamba wamelalamika.

Kiswahili hakikuuchukua mjeledi huo, na naona ni sawa. Katika nchi ambako utawala wa Wajerumani uliacha kumbukumbu ya viboko vya hamsa ishirini, nani angekubali kuitwa mjeledi wa chama? Mnadhimu ni jina la heshima. Lina asili moja na nidhamu, na mshairi naye hunadhimu anapopanga mizani na vina. Jeshini, Mnadhimu Mkuu humfuata Mkuu wa Majeshi. Tatizo lake ni upole: mtu akilisikia atadhani kazi ni kupanga ratiba.

Kiranja halina adabu hiyo, lakini linasema jambo ambalo mnadhimu na hata mjeledi hayasemi. Kiranja wa shule huwaamrisha wanafunzi wenzake, ila mamlaka ni ya mwalimu mkuu, naye huyatwaa akitaka. Seneti ya Kenya ilionyesha hivyo waziwazi. Mei 2020 chama cha Jubilee kilimvua Susan Kihika ukiranja wa wengi, wakati wa mvutano kati ya Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto, kikampa Irungu Kang'ata. Mwisho wa mwaka huohuo Kang'ata alimwandikia Rais barua kwamba mpango wa BBI wa kubadilisha Katiba haukubaliki eneo la Mlima Kenya. Februari 2021 naye aling'olewa, nafasi ikaenda kwa Kimani Wamatangi. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, wote watatu walichaguliwa kuwa magavana, Nakuru, Murang'a na Kiambu, kwa tiketi ya UDA, chama cha Ruto.

Kuna maana nyingine mbili za neno hilo la Kiingereza ambazo hatujazipatia jina. Ya kwanza ni waraka wa wiki unaoorodhesha kura zijazo: jambo likipigiwa mistari mitatu chini yake, asiyefika ana kesi ya kujibu. Ningeliita agizo la mistari mitatu, basi. Ya pili ni uanachama wa kundi la chama bungeni, ambao mbunge anaweza kunyang'anywa. Septemba 2019 Boris Johnson aliwanyang'anya wabunge 21 wa Conservative kwa mkupuo, akiwemo Nicholas Soames, mjukuu wa Churchill. Walibaki na viti vyao, wakakaa kama wabunge huru.

Maana hiyo ya pili ndiyo ngumu kuhamishia Dodoma. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge awe amependekezwa na chama, na ibara ya 71 inamwondolea kiti mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomfikisha bungeni. Hakuna kiti cha mbunge huru cha kuhamia. Mwaka 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walivuliwa uanachama katika mgogoro wa chama chao, na Spika akatangaza viti vyao kuwa wazi. Hilo halikuhitaji mnadhimu hata kidogo. Barua ya chama ilitosha, na ndiyo maana mnadhimu wa Dodoma anaweza kubaki na jina la upole.